SOMO LA MWEZI: LESENI YA DEREVA MPYA



Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo vijana wengi wanauliza, na wazazi wao pia: namna ya kupata leseni ya udereva, ile tunayozoea kuiita permi, hapa Rwanda, kwa mtu anayeanza. Kusudi la somo ni kila familia ijue njia iliyo wazi, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na ijue pia kwa nini njia ya mkato ni hatari kwetu sisi wakimbizi kuliko kwa watu wengine. Someni pamoja nyumbani. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. KWA NINI TUNAJIFUNZA JAMBO HILI

Rusizi, ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu, ni wilaya ya safari. Kamembe kuna soko, uwanja wa ndege, na barabara zinazoshuka hadi mipaka ya Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili kuelekea Bukavu. Bugarama kuna mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na ni karibu na mahali nchi tatu zinapokutana. Kuna barabara ya kupita msitu wa Nyungwe kwenda Huye na Kigali, na ile ya kando ya ziwa kwenda Karongi na Rubavu. Mahali kama hapa, mtu anayejua kuendesha vizuri na mwenye hati halali anaweza kupata kazi ya kulisha nyumba yake.

Kati yetu wako waliovuka wakati wa vita vya Bukavu mwaka 2004, na wako waliofika baada ya mapigano ya Uvira na bonde la Rusizi mwezi wa Desemba 2025. Baadhi yao walikuwa madereva kwa miaka kumi au ishirini. Utawasikia wakisema: "Mimi ni dereva tayari, kinachokosekana ni karatasi tu." Maneno hayo ndiyo tunataka kuyachunguza. Je, leseni ni karatasi tu?

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 iko sheria inayomwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba hakuulizwa kama yeye mwenyewe anajua kutembea juu ya dari bila kuanguka. Ukingo ulikuwa kwa ajili ya mgeni na mtoto. Leseni nayo ni vivyo hivyo. Inawahakikishia watu walio njiani, ambao hawakufahamu kabisa, kwamba kuna mtu aliyekupima kabla hujakabidhiwa gari.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa kila mwaka barabarani duniani kote. Zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu kama sisi tulio wengi.

2. ANZA NA KITAMBULISHO NA JINA LAKO

Kabla ya kutafuta shule ya udereva, tazama hati zako. Rwanda iliingia katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi mwaka 1980, nayo ina sheria yake yenyewe ya wakimbizi. Mkataba huo unataja mambo mawili yanayotuhusu hapa. Kifungu cha 25 kinasema nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata kwa serikali ya nchi yake. Kifungu cha 29 kinakataza kumtoza mkimbizi kodi au ada kubwa kuliko ile anayotozwa mwananchi kwa jambo lilelile.

Lakini haki hizo hupitia kwenye kitambulisho. Yule ambaye bado anasubiri kusajiliwa amalize kwanza usajili wake. Yule aliye na kitambulisho cha mkimbizi akiangalie vizuri: je, jina limeandikwa sawa? Wengi wetu tuna majina matatu. Mara nyingine herufi "l" imeandikwa "r", au jina la baba limekuwa mbele, au mwaka wa kuzaliwa si ule ulio kwenye cheti cha shule. Kosa dogo kama hilo halikusumbui ukienda kuchukua msaada wa chakula, ila litakuzuia siku ya mtihani, au litafanya leseni yako ionekane ni ya mtu mwingine. Lirekebishe mapema kupitia ofisi ya MINEMA, ambayo ni wizara inayoshughulikia wakimbizi, au UNHCR. Usijiandikishe kwa kitambulisho cha ndugu au cha rafiki, hata kama anakubali. Leseni iliyopatikana kwa jina la mtu mwingine si yako.

Kwa wale waliokuwa na leseni ya Kongo au ya nchi nyingine: iko huduma ya kubadilisha leseni ya kigeni kuwa ya Rwanda. Hata hivyo polisi wanaweza kutaka kuthibitisha kwamba ile ya zamani ni ya kweli, na uthibitisho hutoka katika nchi iliyoitoa. Kwa mkimbizi hilo ni jambo la kufikiriwa sana. Kabla ya kupeleka ombi ambalo litafanya jina lako liulizwe katika nchi uliyoikimbia, pata ushauri kwanza UNHCR au MINEMA. Wengine wataona ni salama zaidi kufanya mtihani upya kama dereva mpya. Si aibu kuanza upya.

3. HATUA ZA KUFUATA

Hapa Rwanda leseni hupatikana kwa ngazi mbili. Ya kwanza ni ya muda, ambayo wengi wanaiita provizwari, na kwa Kinyarwanda ni uruhushya rw'agateganyo. Ya pili ni ya kudumu, uruhushya rwa burundu. Zote mbili husimamiwa na Polisi ya Taifa ya Rwanda.

Hatua ya kwanza: chagua daraja. Daraja A ni la pikipiki. Daraja B ni la gari dogo lisilozidi kilo 3,500 na lisilo na viti zaidi ya 8 mbali na kile cha dereva. Daraja C ni la malori, D ni la mabasi, na E ni la gari linalovuta trela. Kwa gari dogo lazima uwe umetimiza miaka 18. Usichague daraja kwa sababu ya sifa. Chagua lile utakalolifanyia kazi. Mwenye kutaka kubeba abiria kwa pikipiki ajue kwamba leseni ya daraja A peke yake haitoshi, maana kazi ya kubeba abiria ina vibali vyake chini ya RURA. Aulize mapema kabla ya kukopa fedha za kununua pikipiki.

Hatua ya pili: jiandikishe kwa mtihani wa maandishi. Usajili hufanyika kwa njia ya Irembo, kwa intaneti au kwa simu kwa kubonyeza *909#. Asiyejua kutumia anaweza kwenda kwa wakala wa Irembo. Unachagua mahali pa mtihani, siku, na lugha. Chagua lugha unayoisoma vizuri, si ile unayoitamani. Ukimaliza unapewa namba ya kulipia, na unalipa kwa simu au benki kwa namba hiyo. Kiasi cha ada kinaonekana hapohapo. Kama mfumo haukubali namba ya kitambulisho chako, usimwombe mtu akuandikishe kwa namba yake. Rudi ofisi ya MINEMA ukaeleze.

Hatua ya tatu: fanya mtihani wa maandishi. Una maswali 20 ya kuchagua jibu, na ili ushinde lazima upate angalau 12. Ukishinda unapata leseni ya muda.

Hatua ya nne: jifunze kuendesha. Leseni ya muda haikupi ruhusa ya kuendesha peke yako. Ni ruhusa ya kujifunza ukiwa na mwalimu. Wengi hukosea hapa: wanaipata ile ya muda, wanaazima gari au pikipiki, kisha wanaanza kazi. Tazama pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake, usiiache ipite.

Hatua ya tano: jiandikishe tena kwa Irembo kwa mtihani wa vitendo, ukautoe mbele ya polisi. Ukishinda unaomba na kulipia leseni ya kudumu.

Tangu mwaka 2024 inawezekana kufanya mtihani kwa gari lisilo na klachi, yaani otomatiki. Lakini aliyeshinda kwa gari la namna hiyo anaruhusiwa kuendesha magari ya namna hiyo tu. Kwa kuwa malori na magari mengi ya kazi huku kwetu bado yana gia za mkono, mwenye kutafuta ajira ni heri avumilie ajifunze klachi.

4. MAMBO YA KUSOMA KWA MTIHANI WA MAANDISHI

Madereva wa zamani ndio wanaoanguka sana kwenye mtihani huu, kwa sababu wanajibu kwa mazoea. Barabarani tuliona watu wakifanya hivi na vile, lakini mtihani unauliza sheria inasema nini. Haya ni mambo manne ya kushika kwanza.

Moja, upande. Rwanda, Kongo na Burundi magari hupita kulia. Tanzania, Uganda na Kenya hupita kushoto. Aliyekulia kambi za Kigoma au aliyefanya kazi Kampala ajizoeze upya, hata anapovuka barabara kwa miguu.

Mbili, maumbo ya alama. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya kuna hatari mbele. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la bluu linaamuru. Mraba wa bluu unatoa habari. Pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini inasema uwape wengine nafasi. Alama nyekundu yenye pande nane inasema usimame kabisa, hata kama barabara ni tupu. Anayeshika maumbo haya ataelewa hata alama ambayo hajawahi kuiona.

Tatu, nani anatangulia. Amri ya polisi aliyesimama njiani inashinda taa. Taa zinashinda alama. Alama zinashinda sheria ya kawaida. Na sheria ya kawaida katika njia panda isiyo na alama ni kumpisha anayetoka upande wako wa kulia.

Nne, mistari. Mstari mweupe mzima katikati ya barabara haukanyagwi wala kuvukwa. Mstari uliokatikakatika unaweza kuuvuka kama njia ni salama. Ikiwa iko yote miwili sambamba, unafuata ule ulio upande wako.

Shule nyingi huuza karatasi za maswali na majibu ya kukariri. Si vibaya kuzitumia kujipima, lakini usikariri herufi za majibu. Maswali hubadilishwa mpangilio. Tena barabarani hakuna herufi za kuchagua.

5. MAZOEZI, MTIHANI WA VITENDO NA BARABARA ZETU

Katika mtihani wa vitendo unatazamwa kwanza jinsi unavyoongoza gari mahali palipopimwa: kurudi nyuma, kuegesha, na kuondoka ukiwa kwenye mlima bila gari kurudi nyuma. Kisha unaendesha barabarani. Wengi huanguka kwenye mlima. Siri yake ni utaratibu: vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, pandisha klachi polepole hadi usikie injini imeshika, ongeza mafuta kidogo, ndipo uachie breki ya mkono. Fanya hivyo mara hamsini na mwalimu wako kabla ya siku ya mtihani. Na kabla ya kuwasha gari: kiti, vioo, mkanda. Anayesahau mkanda ameonyesha tangu mwanzo kwamba bado hajawa tayari.

Lakini hatujifunzi kwa ajili ya siku moja ya mtihani. Rusizi ina barabara zinazodai akili.

Kutoka Kamembe kwenda Bugarama unashuka zaidi ya mita 500, hadi bonde ambalo mto wake uko mahali pa chini kuliko pote Rwanda, karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari. Anayeshuka na mguu juu ya breki muda wote anazichemsha, na breki iliyochemka haishiki. Shuka kwa gia ndogo, injini yenyewe ilizuie gari, na breki uitumie kwa kukanyaga na kuachia. Kanuni ya wazee wa lori ni kwamba mlima unaoupanda kwa gia ya pili, uushuke kwa gia ya pili.

Nyungwe kuna ukungu, kona nyingi, mvua, na nyani wanaokaa njiani. Washa taa ndogo za mbele, punguza mwendo, wala usipite gari lingine kwenye kona kwa sababu tu umechoka kulifuata. Malori mengine kutoka Tanzania yana usukani kulia. Dereva wake hakuoni vizuri unapokaribia, na haoni mbele vizuri anapotaka kumpita mwingine.

Kuhusu mwendo, fikirini hesabu hii na watoto wenu. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, linapita mita 11 kila sekunde. Likienda 60, linapita karibu mita 17. Mtu wa kawaida anahitaji kama sekunde moja tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki. Maana yake gari limekwenda urefu wa nyumba mbili kabla halijaanza hata kupunguza. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamisha gari kwa breki inazidi mara nne, si mara mbili. Njia ikiwa na maji, inaongezeka zaidi.

Na pombe haina nafasi hapa. Polisi wanapima madereva kwa kipimo cha kupuliza. Tangu mwaka 2019 wanaendesha kampeni iitwayo Gerayo Amahoro, maana yake fika kwa amani.

6. NJIA YA MKATO

Sasa tunafika penye uchungu. Wako watu wanaozunguka wakisema: "Nipe pesa, nitakuletea permi bila mtihani." Wengine wanasema wanamjua mkubwa fulani. Mwenye njaa na watoto husikiliza maneno kama hayo, na hatumhukumu. Lakini tumweleze ukweli.

Kwanza, leseni ya Rwanda inahifadhiwa kwenye kompyuta za polisi. Polisi anaweza kuiangalia papo hapo barabarani. Karatasi nzuri ambayo haimo humo ni hati bandia, na hati bandia ni kosa la jinai, lenye kifungo cha miaka, si cha siku. Pili, sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 ya kupambana na rushwa inamwadhibu anayetoa pamoja na anayepokea. Ukimshtaki aliyekula pesa zako unafichua pia kosa lako mwenyewe, naye analijua hilo.

Tatu, na hili ndilo zito. Tuseme baba mmoja amenunua hati ya namna hiyo. Anaendesha vizuri miezi sita. Siku moja mtoto anakimbia mpira, naye anamgonga. Kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima ya kuwalipa wanaoumizwa. Lakini kampuni ya bima ikikuta dereva hakuwa na leseni halali, inaweza kumgeukia yeye na mwenye gari kudai fedha hizo. Baba anaingia gerezani. Mama anabaki kambini na watoto, na deni lisilolipika. Mwenye gari, ambaye pengine alimwamini kwa sababu wanasali pamoja, naye ameumia. Na familia ya yule mtoto inajua kwamba aliyempiga hakuwa amepimwa na mtu yeyote.

Mwananchi mwenye shamba anaweza kuuza shamba. Sisi tunacho nini cha kuuza? Jina safi ndilo shamba letu. Mara nyingi kesi ya jinai inaonekana pia katika mambo mengine ya mkimbizi, hasa faili inaposomwa na watu wa nchi ya tatu wanaoamua nani wampokee. Ndiyo maana tunasema njia ya mkato ni ndefu kwetu kuliko kwa wengine.

Kwa hiyo: usitoe pesa mkononi kwa ajili ya mtihani. Lipa kwa namba ya Irembo, utunze ujumbe wa malipo. Ada ya shule ya udereva ni jambo jingine. Hiyo ulipe shuleni na udai risiti. Akikudai rushwa mtu yeyote, namba ya polisi ya kuripoti rushwa ni 997, nayo haitozwi. Ajali ya barabarani ni 113, hatari ya ghafla ni 112, na gari la wagonjwa ni 912. Ziandikeni ukutani.

7. NENO KWA WAZAZI, NA KWA AKINA MAMA

Fedha za masomo ya udereva ni nyingi kwa familia ya kambini. Vikundi vya akiba vinaweza kusaidia: wanachama wakamsomeshe mmoja, akipata kazi arudishe, asomeshwe mwingine. Mwandike makubaliano, hata kwenye daftari la shule.

Akina mama wasisahauliwe. Sheria haiulizi mwanamke au mwanamume. Na mzazi asimlaumu kijana aliyeanguka mtihani mara ya kwanza au ya pili. Aliyeanguka kwenye mtihani ameanguka mahali ambapo hakuna anayeumia. Arudie.

JIPIME

a) Umefika njia panda isiyo na alama wala taa. Gari linatoka kulia kwako. Nani anatangulia?
b) Taa ni ya kijani, lakini polisi ameinua mkono juu. Utafanya nini?
c) Una leseni ya muda na rafiki anakuomba umpeleke sokoni, ninyi wawili tu, naye hajui kuendesha. Utamjibu nini?
d) Ulifanya mtihani kwa gari la otomatiki. Bosi anakupa gari la gia za mkono. Je, unaruhusiwa?

Majibu: a) Lile la kulia. b) Utasimama, maana polisi anashinda taa. c) Utakataa, kwa sababu leseni ya muda ni ya kujifunza na mwalimu. d) Hapana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni hati gani zenye jina lisiloandikwa sawa, na nani atazipeleka kurekebishwa?
2. Kama ndugu yetu ameshanunua hati bandia, tutamsaidiaje kuiacha kabla haijaleta msiba?
3. Ukingo wa dari ulimlinda nani? Na leseni yangu inamlinda nani?

Wapendwa, barabara ile inayompeleka baba kazini ndiyo watoto wetu wanayoivuka kwenda shule. Tuiendee tukiwa tumejifunza, na kwa majina yetu ya kweli. Bwana awalinde mnapotoka na mnaporudi.